Hapo Tu

1

Jiwe langu linaitwa Shahidi. Ni la kilo tano, jeusi, limechongwa likawa laini kama yai, na katika miaka yangu yote ya upimaji ndilo pekee ambalo sijawahi kulishuku. Wanadamu nimewashuku karibu wote, kuanzia mabosi wangu mpaka mume niliyeachana naye, na mara nyingi sikukosea.

Asubuhi ile nililitundika kwenye mizani ya springi katikati ya sebule ya mdogo wangu Niendiwe, nikasubiri mshale utulie. Ulisimama kwenye tano kamili.

"Kwa hiyo?" aliuliza Niendiwe. Alikuwa amekaa mkekani, mwanawe Kiondo kalala pembeni yake, mkono wa kushoto umefungwa plasta mpaka begani.

"Kwa hiyo humu ndani hakuna wepesi. Jiwe lina uzito wake wote."

"Na daktari anasema mifupa ya mtoto imekuwa kama ya mtu aliyelala chini ya Mnara tangu azaliwe. Sasa mwongo nani, dada? Daktari au jiwe lako?"

Kiondo hakuwa hata ametimiza mwaka. Baba yake alimshika mkono kumtoa kwenye beseni la kuogea, na mkono ukavunjika. Hakuanguka, hakugongwa. Daktari alisema wazi kwamba hali ikiendelea hivyo, kitakachofuata ni mbavu, na mtoto mwenye mbavu za namna ile akikohoa vibaya anaweza kufa. Ndiyo maana Niendiwe aliniita, na ndiyo maana niliomba ruhusa makao makuu ya upimaji, ninakofanya kazi, nikapanda mpaka Mrangeni na jiwe langu mkobani.

Kutoka mlangoni niliuona Mnara wa Wepesi ng'ambo ya bonde, juu kabisa ya mlima. Ulijengwa ili malori ya madini yapande ule mteremko mkali yakiwa na uzito wa mikokoteni. Pale chini yake mtu anaweza kuinua gunia la mahindi kwa mkono mmoja huku anapiga soga. Lakini mfupa ni kitu kivivu; usipoupa mzigo wa kubeba, unajila wenyewe. Kwa hiyo sheria inakataza mtu yeyote kuishi ndani ya duara la Mnara, na nje ya duara hakuna hofu, kwa sababu nguvu ile huchoka upesi. Ukisogea mbali mara mbili, haibaki nusu, inabaki robo. Ukisogea mara tatu, inabaki moja ya tisa. Niendiwe nilimweleza kwa uji: sufuria ni ileile, ila kila ukirudi nyuma unaumwaga kwenye sinia kubwa zaidi, mpaka unakuwa utando tu usioweza kushibisha hata nzi.

"Na sisi tuko mbali kiasi gani?" aliuliza.

"Mbali sana."

"Basi si Mnara."

"Au kuna mtu anauongeza nguvu kwa siri," nilisema, na nikakiri moyoni kwamba nilitamani iwe hivyo.

Nilitoka kwenda kupima. Nje, kanga zilizofuliwa zilikuwa zikikauka kwenye ua wa michongoma. Nilimuuliza jirani daraja liko wapi, akaninyooshea kidole: "Hapo tu." Mimi na Niendiwe tulikulia tambarare, yeye aliolewa huku juu, na ameshazoea. Watu wa Mrangeni hawajui kilomita. Choo ni hapo tu. Kwa jirani ni hapo tu. Chemchemi, ambayo unaishukia mpaka magoti yanatetemeka, nayo ni hapo tu. Daraja lilinichukua asubuhi nzima.

Nilipima kwenye ukingo wa duara, nikapima darajani, nikapima sokoni. Kila mahali Shahidi alisema kilekile ambacho hesabu ilisema. Mnara haukuwa na kosa, na hilo liliniudhi kuliko kama ungekuwa nalo. Mtu mwenye shuku hapendi kumkuta mshukiwa wake msafi.

Niliporudi jua likiwa limeinama, nilimtundika tena Shahidi palepale sebuleni. Mshale ulikuwa umeshuka chini ya tano. Upana wa uzi tu, lakini ulikuwa umeshuka.

2

Kitu ambacho asubuhi hakipo na jioni kipo ni kitu kinachotembea. Kitu kinachotembea kina miguu, au kina mtu.

Mtu aliyeingia jioni ile alikuwa shemeji yangu Mbonea, mpakiaji wa malori kule Mnarani. Nilimwangalia akivua viatu. Nilikuwa nimesikia kwamba kiini cha Mnara kikichakaa hupukutika punje ndogo, na kwamba punje hizo hukusanywa zikafukiwa. Nani alizihesabu? Punje moja mfukoni mwa mpakiaji, nani angejua?

"Shemeji," nilisema, "naomba nione mfuko wako."

Alinitazama, kisha akamtazama mkewe. Niendiwe aliinamisha kichwa.

"Wa chakula?"

"Na viatu. Na koti pia."

Hakugomba, na hilo ndilo lililoniumiza baadaye. Alikung'uta kila kitu mbele yangu kama mtu anayekaguliwa getini. Kulikuwa na kopo la chai, kitambaa, na kipande cha muhogo wa kuchoma alichomletea mwanawe asiye na meno. Nilipitisha mizani, Shahidi akining'inia, juu ya kila kimoja na mshale haukutikisika.

"Umeridhika?" aliuliza. "Mimi ndiye niliyemvunja mkono. Unadhani kuna siku nalala?"

Nilimwomba radhi, ila si kwa moyo wote. Bado nilikuwa namshuku.

Kesho yake nilishuka njia ya chemchemi. Katikati ya mlima nilikutana na wanawake wakipanda, kila mmoja na ndoo kubwa kichwani, na kabla sijawaona niliwasikia. Walikuwa wanacheka. Mmoja alikuwa anasimulia habari za harusi, tena kwa mbwembwe, anageuza shingo huku na huku kuhakikisha wenzake wanamsikia.

Mimi nimebeba maji utotoni. Ukiwa na ndoo iliyojaa, kwenye mlima kama ule, husimulii harusi. Hugeuzi shingo. Unauma meno na kuhesabu mawe ya njiani.

Waliponiona, kicheko kilikatika. Shingo zote zikakakamaa mara moja, nyuso zikakunjwa, na mmoja akaanza kuhema kwa nguvu kama anaigiza mgonjwa. Aliyekuwa anasimulia harusi, mwanamke kijana anayeitwa Nambike, mjamzito wa miezi mingi, alishika kiuno na kuniamkia kwa sauti ya kuchoka.

"Poleni na kazi," nilisema.

"Tumeshapoa, dada. Maji ni mazito."

Niendiwe alikuwa wa mwisho kwenye msururu. Alinipita bila kuniangalia usoni. Nilibaki nimesimama njiani. Nilikuwa nimemkung'utisha mtu viatu bure, na mdogo wangu wa tumbo moja alikuwa ananificha kitu.

3

Nilirudi nyumbani. Niendiwe alikuwa ameshatua ndoo. Kiondo alikuwa mkekani, amefunikwa kanga mpaka kidevuni, analia kile kilio chembamba cha mtoto aliyechoka kuumwa.

"Niletee nimbembeleze," nilisema, kisha sikusubiri, nikamwinua mwenyewe na kanga yake.

Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu.

Nilidhani ni ugonjwa. Nilianza kusema mtoto huyu hanyonyi, na hapo ndipo kanga iliteleza ikaanguka sakafuni. Mikono yangu ilishuka ghafla. Kiondo alikuwa amerudi kuwa mtoto mnene wa kawaida, mzito wa kumchosha mtu.

Nilimlaza mtoto mbali, upande wa pili wa chumba, nikaichukua mizani yenye Shahidi na kuisogeza juu ya kanga pale sakafuni. Jana jioni, kwa umbali wa hatua chache, mshale ulishuka upana wa uzi. Sasa, kwa umbali wa kiganja, ulishuka karibu nusu. Niliipapasa kanga pindo kwa pindo. Kwenye kona moja kulikuwa na kitu kigumu kilichoshonewa ndani, kidogo kama mbegu ya papai.

Ile kanga nilikuwa nimeiona tayari. Ndiyo ilikuwa ikikauka kwenye michongoma asubuhi niliyofika. Na ndiyo niliyoiona leo kichwani mwa Niendiwe, imesokotwa duara, imekuwa ngata chini ya ndoo.

"Hii ni ya maji tu," alisema Niendiwe. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni ngata, dada."

"Ni ngata asubuhi. Ukifika nyumbani unaikunjua, unambebea mtoto mgongoni. Mchana unamfunika nayo. Usiku?"

"Ndiyo laini kuliko zote."

"Niendiwe!"

"Mnara ni mkubwa kama mlima na wewe mwenyewe umesema hautufikii!" Alikuwa analia sasa. "Hii ni punje. Punje inaweza kumfanya nini mtu?"

Nilimwambia kama nilivyojua kumwambia. Mbu elfu walio nje ya chandarua hawakung'ati. Mmoja aliye ndani anakumaliza. Mnara una nguvu za kuinua malori lakini uko mbali; punje haina nguvu za kuinua hata kinu, lakini ilikuwa imelalia uti wa mgongo wa mtoto mchana na usiku, na kati yao kulikuwa na uzi wa pamba.

Aliketi chini. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga kofi, sikufanya lolote.

"Unakumbuka mimba zangu mbili?" aliuliza. "Zote zilitoka kwenye ule mlima, na ndoo kichwani. Ya pili niliizika mwenyewe kando ya njia. Halafu tukapewa hizi punje. Nikabeba maji miezi yote tisa na Kiondo hakutoka. Kama si hiyo kanga, usingekuwa na mtoto wa kumpimia mifupa."

"Nani aliwapa?"

Alifuta uso. "Tuliapa."

"Nani, Niendiwe?"

"Injinia. Lakini usimfanyie kitu, dada. Alituhurumia."

4

Injinia Lukindo alikuwa na ofisi ndogo nje ya duara, safi mno, na hilo peke yake lilinitia shaka. Nilimwekea kanga juu ya meza, punje ikichungulia kwenye kona niliyoifumua. Hakujifanya haijui.

"Wangapi wanazo?" niliuliza.

"Wote wanaochota pale chemchemi." Alivua miwani. "Bi Nakijwa, mimi kila siku napandisha malori ya mawe mpaka kileleni. Na kila siku kwenye dirisha hili nawaona wale kinamama. Mnara huu haujawahi kupandisha ndoo moja ya maji. Niliandika barua mpaka nikachoka. Basi nikachukua punje zilizokuwa zinakwenda kufukiwa."

"Na mifupa?"

"Nilipiga hesabu!" Aliinuka. "Punje moja, shingo ya mtu mzima, muda wa kupanda mlima, basi. Haidhuru kitu. Nikawauliza, mkifika nyumbani ngata mnaiweka wapi? Watoto wasiikaribie. Wakaniambia hapo tu. Nikajua ina mahali pake. Msumarini, mlangoni. Mama yangu alikuwa na ngata ya ukindu, imefumwa, haina kazi nyingine duniani. Ikitoka kichwani inatundikwa."

"Hapo tu," nilisema.

"Hapo tu. Ndivyo walivyosema."

"Huku ngata ni kanga, Injinia. Na kanga haitundikwi. Kanga inafunga mtoto, inafuta meza, inatandwa msibani, inalaliwa."

Alikaa polepole. Nilimwona akipiga upya ile hesabu kichwani, mgongo wa mtoto mahali pa shingo ya mtu mzima, siku nzima mahali pa safari moja.

"Nilipiga hesabu ya ngata," alisema. "Sikupiga hesabu ya kanga."

Ningefurahi kama angekuwa mwizi. Mwizi unamkabidhi kwa wenyewe, unakwenda kulala. Lakini nilikuwa bado na swali moja, maana ndivyo nilivyoumbwa.

"Au ulikuwa unawajaribia? Uone punje zinafanya nini kwa watu?"

Alichelewa kujibu. Kidogo tu, lakini kazi yangu ni kuona vitu vidogo.

"Nilitaka kuona kama inawezekana," alisema. "Ndiyo. Lakini niliwahurumia kwanza."

Hata sasa sijui kama nilimwamini. Niliichukua ile kanga. "Punje zote nazirudisha makao makuu. Jina lako nitalitaja. Na suala la maji nitalitaja."

"Jina wataliandika," alisema Injinia Lukindo. "Maji hawatayaandika."

Nilimchukia kwa sababu nilijua ni kweli.

5

Wanawake wa chemchemi walinisikiliza wamesimama, mikono imefungwa kifuani. Niendiwe alikuwa amewaambia habari za Kiondo, kwa hiyo sikuhitaji kusema mengi. Niliwaonyesha kisiki kilichoko upande wa pili wa maji, mbali na njia, mahali ambapo hapana nyumba wala mtoto anayecheza. Hakuna ukuta unaozuia wepesi, nikawaambia, hakuna chuma wala saruji. Ukuta wake ni umbali peke yake.

Mmoja mmoja walikwenda kutundika kanga zao. Kulikuwa na bibi mmoja aliyeibusu yake kabla ya kuiacha, na sikuweza kumwangalia. Niendiwe alirudi kichwa wazi, akaanza kusokota upya ngata ya kitambaa cha kawaida, meno ameyauma.

Nambike hakusogea.

"Mimi sitoi," alisema.

"Mtoto wako..."

"Mtoto wangu yuko tumboni. Punje iko kichwani. Si umesema umbali ndio ukuta?"

Nilimsogelea nikapima kwa shibiri, kutoka utosini kushuka shingoni, kifuani, mpaka pale tumbo lilipoanza kufura. Wote walikuwa wanahesabu nami kimoyomoyo. Shibiri ziliisha upesi mno.

"Ndiyo hapo tu yenyewe," nilimwambia.

Alinitazama kwa macho makavu. "Dada, wewe unataka mtoto wangu awe na mifupa. Mimi nataka kwanza azaliwe. Niendiwe kakwambia kilichompata kwenye mlima huu, na si yeye peke yake. Ukishachukua hizi kanga utapanda gari, utakwenda. Mimi kesho nitabeba nini? Hotuba yako?"

Nilitafuta jibu na nikagundua kwamba mbinu zote nilizokuwa nazo zilikuwa za kumkamata mtu. Sikuwa na hata moja ya kumsaidia. Nikiiacha kanga ile, ningekuwa nimemvunja mtoto kabla hajazaliwa. Nikiichukua, huenda asizaliwe kabisa. Na barua yangu kwa makao makuu, hata kama ingesomwa, isingefika kabla ya tumbo lile.

"Nitakuchotea mimi," nilisema.

Nambike alicheka kwa pua. "Mpaka lini?"

"Mpaka ujifungue. Na zamu ya Niendiwe pia, mpaka mtoto apone."

"Na kazi yako?"

"Watu niliowapima wananichukia. Hakuna atakayelia nisiporudi."

Alinichunguza kwa muda mrefu, kama mimi nilivyochunguza viatu vya Mbonea. Niliujua mtazamo ule, sikuulaumu. Kisha akaivua kanga kichwani, akaenda kuitundika kisikini, akarudi na kunikabidhi ndoo yake.

"Ijaze," alisema. "Usinifanyie nusu."

Niliijaza. Niendiwe alinisaidia kujitwisha. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilisikia shingo ikizama mabegani, na maji ya baridi yakinichuruzikia mgongoni. Tukaanza kupanda, mimi mbele, Nambike nyuma yangu mikono mitupu. Hakuna aliyesimulia harusi.

Mwanzoni nilijipa moyo kwa hesabu. Kila hatua, nilijiambia, lile rundo la punje kule kisikini linazidi kudhoofika. Robo. Moja ya tisa. Hakuna kinachotufikia tena. Lakini nilipofika katikati, magoti yakaanza kucheza na macho kuona giza, nilijikuta nimesimama. Ndoo ilikuwa nzito kuliko kitu chochote nilichowahi kupima. Kule chini kanga zilikuwa zinapepea kisikini, za rangi zote, na nikawaza: moja tu. Mimi sina mimba. Mimi sina mtoto wa kumfunika. Shingo ya mtu mzima, muda wa kupanda mlima, basi. Hesabu ya Injinia ilinijia yote, neno kwa neno, na safari hii ilinipendeza.

"Mbona umesimama?" aliuliza Nambike nyuma yangu.

"Napumzika."

"Hapana. Unaangalia kule."

Sikuweza kugeuka kumtazama, maji yangemwagika. Lakini nilihisi macho yake kisogoni mwangu, hayabanduki, na nilijua kwamba kuanzia sasa kila asubuhi atapanda nyuma yangu hivyo hivyo, ananihesabia hatua, hadi siku ya kujifungua kwake. Na nilijua pia kwamba hakosei. Shahidi alikuwa mkobani mwangu, na kwa mara ya kwanza nilijishuku mwenyewe.

Niliuma meno. Niliinua mguu.

"Nambike," nilisema, "bado ni mbali?"

Nikamsikia akicheka, si kwa ubaya, kicheko chake cha harusi.

"Wala," alisema. "Hapo tu."